Kiti cha Filda

Jumatatu, 3 Machi

Mvua za masika zimefika leo, na zimefika kwa ubaya. Mke wangu Filda ameteleza kwenye tope pale bombani, jerikeni mkononi, akaanguka. Kifundo cha mkono wa kulia kimevunjika. Hospitali wamemfunga plasta ngumu mpaka karibu na kiwiko. Njia nzima hakulia. Tulipofika nyumbani nikamwekea chai, ndipo akalia.

"Inauma?" nikamuuliza.

"Kiti changu kitachukuliwa," akasema.

Kiti chenyewe kiko barazani kwa Mama Marie-Louise, Mkongo wa Bukavu, jirani yetu wa kule chini hapa Luzira. Wanawake wa pale wanafuma nguo za wanasesere kwa fremu ndogo za mbao zenye misumari, ambazo mtu anazishika kiganjani kama sahani. Kila mmoja ana kiti chake, fremu yake, na kikapu cha wanasesere wa kuvisha msimu huu wa mvua. Mwisho wa Mei wanasesere wanapelekwa shule ya chekechea huko Kyambogo. Ambaye kikapu chake hakijakamilika siku hiyo, kiti chake anapewa mwingine. Ndiyo sheria ya Marie-Louise, na mimi sheria naiheshimu.

Nikamwambia Filda, "Nyamaza, mama. Sajini Ocen bado yuko hai. Nitakikalia mimi mpaka upone."

Akaacha kulia papo hapo, akanitazama sana. Nadhani ilikuwa shukrani.

Jumatano, 5 Machi

Kwa atakayesoma: mimi ni askari magereza mstaafu, mtu wa Lira. Naandika Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha niliyotolea amri maisha yangu yote. Lugha ya kwetu ni ya mama, Kiingereza ni cha mahakama.

Asubuhi niliripoti barazani, viatu vimepigwa rangi.

"Habari za asubuhi. Nimekuja kushika zamu ya Filda."

"Papa Ocen," Marie-Louise akasema bila kuinua macho, "hapa hakuna zamu. Hapa kuna kufuma."

"Kazi ni kazi."

"Leta vidole nione."

Nikanyoosha mikono. Akavigeuza vidole kimoja kimoja kama mtu anayechagua karoti sokoni Kalerwe. "Vinene," akasema. "Lakini viko kumi. Kaa."

Kiti cha Filda kiko pembeni kabisa, karibu na nguzo. Ukikaa pale unawaona wote. Nililitambua hilo mara moja, ni mahali pa mlinzi. Sikujua kwamba Filda anapenda mahali kama hapo, maana nyumbani yeye hukaa jikoni.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Nimefuma kitambaa cha kwanza na kimetoka na kiuno.

Kazi yenyewe ni hivi. Unatanda nyuzi za mtande kutoka msumari wa juu hadi wa chini, halafu kwa sindano unapitisha uzi mwingine, juu, chini, juu, chini, mpaka fremu ijae. Nyuzi tunazipata kwa kufumua sweta za mitumba. Mkasi ni marufuku: kitambaa hiki ukikikata kinafumuka chote, kwa hiyo kila kipande kinafumwa kwa kipimo chake tangu mwanzo. Mimi nilivuta uzi kwa nguvu, kingo zikakimbiliana katikati.

"Papa, uzi si mfungwa," akasema Darlène, binti wa Marie-Louise, ambaye ndiye anayewashona wanasesere wenyewe. "Hautatoroka."

Wakacheka wote. Nilicheka kidogo, kwa adabu.

Jumatatu, 10 Machi

Wanyama, tuliyestaafu naye pamoja, amenikuta njiani na fremu kwapani.

"Sajini! Ndiyo nini hiyo, mtego wa panya?"

"Nafuma nguo za wanasesere."

Akacheka mpaka akashika ukuta. Nikamngoja amalize. "Na wewe," nikamuuliza, "tangu ustaafu mikono yako inafanya nini?"

"Inashika mrija wa malwa."

"Basi endelea kuushika." Nikaenda zangu, nikamwacha na pombe yake ya ulezi.

Ijumaa, 14 Machi

Nimegundua tatizo la baraza lile: hakuna mpango. Kila mwanamke anamchukua mwanasesere mmoja, anampima, anafuma, anamjaribisha, anafumua, anaanza tena, na katikati ya hayo yote anaongea naye na kumpa jina. Kwa mwendo huo Mei itatukuta tunazungumza na vitambaa.

Kazini hatukuwa hivyo. Nguo ilitoka stoo, ukavaa, basi. Kwa hiyo nimemchagua mwanasesere mmoja, aliyesimama vizuri kuliko wote, nikampima kifua, mkono na mgongo kwa kamba. Makoti yote nitayafuma kwa kipimo chake. Jioni nilimweleza Filda mpango wangu. Akatabasamu. Nimefurahi, maana siku hizi hatabasamu ovyo.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua. Makoti.

Jumatano, 19 Machi

Mvua. Makoti. Abalo, mke wa yule polisi wa nyumba ya pili, amekuja kuchungulia kiti. Nikamwambia kina mtu. Akasema, "Naona, mzee, naona," lakini hakuondoka haraka.

Jumanne, 25 Machi

Mvua ilipiga bati mpaka hatukusikiana. Kikapu changu kinajaa. Wenzangu wako nyuma sana, maskini.

Ijumaa, 28 Machi

Leo nilitangaza kwamba Filda, kupitia kwangu, amemaliza makoti kabla ya watu wote. Nikaomba wanasesere waletwe wavishwe. Marie-Louise akaweka fremu yake chini. Wengine nao wakaweka zao chini, wakakaa vizuri, na mimi mpumbavu nikadhani ni heshima.

Wa kwanza, koti lilimkaa barabara, maana ndiye niliyempima. Wa pili ana tumbo, koti halikufunga. Wa tatu ni mwembamba, akazama hadi puani. Wa nne mkono mmoja ni mrefu kuliko mwingine. Darlène anawajaza mabaki ya nguo kwa mkono, hana kipimo, kila mmoja anatoka anavyotoka.

"Kosa liko kwa wanasesere," nikasema.

Baraza zima likalipuka kwa kicheko. Marie-Louise alijifuta machozi kwa pindo la kitenge.

"Papa Ocen, unataka nimrudishe huyu mtoto, nimpunguze tumbo?"

"Sisi kazini nguo ikibana, uliambiwa mwili utafuata."

"Na ulifuata?"

Nikafikiri. Nilikumbuka suruali moja ambayo niliivaa nikiwa nimeshika pumzi mpaka ikachakaa. "Haukufuata," nikasema.

"Basi. Hapa nguo ndiyo inamfuata mtu. Fumua."

Yote. Kikapu kizima. Abalo alikuwa amesimama getini na mwavuli wake, akaangalia kazi yangu ikirudi kuwa nyuzi. Kwa mara ya kwanza niliona kwamba kiti cha Filda kinaweza kuondoka kweli, na kitaondokea mikononi mwangu.

Nilifika nyumbani nimelowa chapachapa. Filda alikuwa dirishani.

"Makoti yamekataa," nikasema.

"Ndiyo."

"Ulijua?"

"Nilijua siku ile ile uliponiambia."

"Mbona hukusema?"

"Uliniuliza?"

Nilisimama pale maji yananichuruzika sakafuni.

Jumamosi, 29 Machi

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nimemwomba Filda anifundishe.

Alikaa kitandani, plasta yake juu ya mto, akaanza kunitolea amri. "Legeza. Legeza, nimesema, unamkaba nani? Huyo mpime tumbo kwanza. Hapana, mpime akiwa amekaa. Mtoto akimpata si atamkalisha?"

Sauti yake haikupanda hata mara moja, na mimi nilitii kuliko kuruta. Mwanamke huyu angekuwa ofisa mzuri sana. Nilimwambia hivyo. Akasema niangalie sindano.

Jumatano, 2 Aprili

Koti la mwenye tumbo limefunga! Nimempa jina. Anaitwa Wanyama.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua. Filda anasema uzi ukiwa na unyevu unarefuka, kwa hiyo kitambaa kilale kwenye fremu usiku mmoja kabla ya kukitoa. Nimekilaza. Asubuhi alikuwa sahihi.

Ijumaa, 11 Aprili

Naandika haya nikiwa bado na hasira.

Mvua ilitufungia barazani mchana kutwa. Darlène akaleta chai, akaniuliza kama iko sawa. Nikakinusa kikombe, nikakiinua nikatazama chini yake kama ni kisafi, nikasema, "Inapita." Ghafla wote wakainamia fremu zao, mabega yanatikisika.

"Kuna nini?"

Sindano zikaenda mbio.

"Nimeuliza, kuna nini?"

Darlène ni kijana, hakuweza kujizuia. "Papa, kumbe ni kweli! Mama Filda anafanya hivyo hivyo!" Akasimama, akatoa kifua, mikono nyuma, akapita mbele ya wanasesere waliopangwa kwenye benchi, anamnusa huyu, anamgeuza yule. "Inapita. Inapita. Hii haipiti. Nani amefunika sufuria upande?"

Alikuwa mimi mtupu. Mpaka ile namna yangu ya kukohoa kabla ya kulaumu. Na Darlène hajawahi kukanyaga nyumbani kwangu. Mimi huyo amemtoa kwa Filda.

"Mama yule anatuua kwa kicheko," Marie-Louise akasema, polepole. "Usikasirike, Papa. Wewe sasa unafuma vizuri. Lakini bila yeye baraza hii iko baridi. Tunamngoja."

Filda! Filda ambaye akisema maneno mawili wakati wa chakula mimi naona ni hotuba! Kimya kingi kina mshindo mkubwa, wahenga walisema, na kumbe mshindo wenyewe ulikuwa mimi. Nikachukua kofia yangu nikatoka na mvua hiyo hiyo.

Alikuwa anachambua mchele kwa mkono mmoja.

"Unanicheka mbele ya watu?"

Nilitegemea akane. Akasema, "Ndiyo, Baba Alal," akiniita kwa jina la mtoto wetu wa kwanza.

"Kwa nini huko? Kwa nini unapeleka nyumba yangu barazani?"

"Kwa sababu hapa hakuna wa kucheka naye. Mimi tangu msichana ni mtu wa vichekesho. Kwetu walinijua hivyo, watu walikuwa wanakuja kunisikiliza. Hapa nikisimama katikati ya chumba nikafanya vile, ungenitazamaje?"

Nikamtazama.

"Hivyo hivyo," akasema, akarudi kwenye mchele wake.

Nimekasirika, na nimeumia. Sikula.

Jumamosi, 12 Aprili

Mvua. Sikwenda.

Jumatatu, 14 Aprili

Sikwenda.

Jumatano, 16 Aprili

Sikwenda. Nimekaa na Wanyama kwenye malwa. Alisimulia kisa kile kile cha lori lililokwama, nami nikacheka pale pale ninapocheka siku zote. Vidole vyangu havikujua pa kukaa.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Nyama ya mbuzi. Tulikula kimya, na safari hii nilikisikia kile kimya.

Jumanne, 22 Aprili

Abalo alinisimamisha njiani. "Mzee, nasikia umeacha. Nimwambie Mama Marie-Louise nianze?"

"Filda je?"

"Filda yuko pale tangu asubuhi. Anafuma kwa mkono wa kushoto. Mzee wangu, haiwezekani, unajua mwenyewe."

Hakusema kwa ubaya. Mume wake anafanya kazi usiku na kulala mchana, na yeye anashinda na redio ya sauti ya chini asimwamshe. Zamani nilimwona kama kunguru anayezungukia kiti. Leo nimeona ni mtu anayetaka pa kwenda.

Nikaharakisha. Kutoka getini nilimwona mke wangu pembeni karibu na nguzo, fremu ameibana kwa magoti, sindano mkono wa kushoto. Uzi ulimponyoka. Akauokota. Ukamponyoka tena. Barazani hapakuwa na kicheko chochote, na hasira yangu yote ikaniishia miguuni.

"Nipe, mama," nikamwambia. "Nenda kapumzishe mkono. Hiki kiti hakiendi popote."

Akanipa. Alipopita akanigusa bega.

Ijumaa, 25 Aprili

Plasta imetolewa. Mkono umekonda kama wa mtoto. Daktari amesema asifume mpaka Juni. Kwa hiyo Mei nzima ni yangu, na Mei nzima nitaishinda.

Jumatatu, 5 Mei

Mvua. Sketi.

Alhamisi, 8 Mei

Mvua. Suruali. Jioni Filda ananikagua, usiku kitambaa kinalala, asubuhi nakitoa.

Jumatano, 14 Mei

Nimekabidhi kofia za kwanza. Marie-Louise akazigeuza nje ndani, akanusa moja, akakohoa, akasema, "Inapita." Baraza likaanguka kwa kicheko. Na mimi nikaanguka nalo, nilicheka mpaka mbavu zikauma. Sijui nilikuwa naogopa nini.

Alhamisi, 22 Mei

Mvua inapungua. Kikapu kimebaki na mwanasesere wa mkono mrefu. Nimefumua mkono wake na kuufuma upya mpaka hata mimi nimechoka naye.

Alhamisi, 29 Mei

Ushindi! Kikapu cha Filda kimekamilika, kila mmoja amevaa koti, sketi au suruali, na kofia, na hakuna anayeshika pumzi. Kesho wanakwenda Kyambogo. Kiti kimepona.

Halafu Marie-Louise akasema, mbele ya wote, "Papa Ocen, tutaongeza kiti kimoja. Mama Filda akirudi, wewe kaa karibu naye. Tumekuzoea." Wakapiga makofi.

Nilitembea kurudi nyumbani kifua mbele, nikamwambia Filda habari zote mbili. Ya kwanza alinishika mikono yote miwili. Ya pili akasema, "Vizuri," akaanza kukunja nguo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa.

Mimi wa Machi ningeishia pale. Mimi wa leo nikauliza.

"Filda. Unataka nikae kule na wewe?"

Alikunjua shati langu, akalikunja tena.

"Hapana, Baba Alal."

"Hata pembeni?"

"Hata pembeni. Ukiwa pale nitaanza kukuangalia kabla ya kufungua mdomo."

Imeniuma, nasema wazi. Naipenda ile kazi. Napenda chai yao, napenda wanavyoniita Papa, napenda kumwona mwanasesere mwenye tumbo amefungwa vifungo vyake vyote. Nilifungua kinywa nitoe amri, nikakuta hakuna amri ya kutoa. Nimekikalia kiti hiki ili kisipotee, na nikiendelea kukaa karibu yake nitakipoteza mimi mwenyewe.

"Sawa," nikamwambia. Akakaa kitandani akavuta pumzi, na nikaona alikuwa ameogopa.

Ijumaa, 30 Mei

Nimeaga barazani. Nilivaa shati la kola, nikasimama wima, nikatoa hotuba fupi. Nikaomba kile kiti kipya apewe Abalo. Marie-Louise alinitazama kidogo, akasema, "Sawa, Papa." Darlène alilia. Mimi sikulia, sauti ilikwama tu kidogo mwishoni, na kwa kuwa gari la mchanga lilikuwa linapita hakuna aliyesikia. Marie-Louise akanipa fremu moja ya zamani nifumie nyumbani.

Jumatatu, 2 Juni

Filda amekwenda barazani asubuhi na amerudi jioni. Mimi nilipika posho, ugali wetu, na maharage. Aliingia, akaweka kikapu chini.

"Mlicheka nini leo?" nikauliza.

"Mambo yetu."

"Sawa." Nikageukia sufuria.

Nikasikia nyuma yangu mtu anasafisha koo. Nilipogeuka, Filda alikuwa amesimama katikati ya chumba, kofia yangu kichwani, kifua mbele, mwiko ameubana kwapani kama fimbo ya ofisa.

"Mabibi," akasema kwa sauti yangu. "Leo nawakabidhi fremu moja, sindano moja, na mke... mmoja." Na pale kwenye "mke" sauti yake ikakwama, pale pale ilipokwama yangu, halafu akageuza shingo kulitazama lile gari la mchanga kwa hasira kana kwamba ndilo lililomliza. Kumbe walisikia. Kumbe wote walisikia, na wamempa kila kitu.

Alipomaliza hakusogea. Alibaki pale pale na kofia yangu, ananitazama aone nitamtazamaje.

Nilikaa chini sakafuni. Nilicheka mpaka machozi yakatoka, nikacheka mpaka posho ikaungua na jirani akagonga ukuta. Nilipopata pumzi nikamwambia, "Rudia, Filda. Anzia mlangoni."

Akatoka nje, akagonga, akaingia.